Chupa ya chai chini ya benchi

“Mzee, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia nyumbani?”

“Hapana, sista. Hizi hizi zenu tu.”

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, kikapu kikiwa katikati ya miguu yangu chini ya benchi. Ndani mlikuwa na kanga, ndizi mbivu nne, na chupa ya chai nyekundu isiyokuwa na chai. Ilikuwa na maji meusi machungu, yanayonuka udongo uliolowa, ambayo mama mdogo aliyachemsha tangu saa kumi alfajiri kwenye jiko la mkaa, nyumbani Majengo, hapa Moshi. Kikombe kimoja kabla ya dripu, kingine baada ya dripu; ndivyo karatasi ya maelekezo ilivyosema. Nesi akaandika “hakuna” kwenye faili, akafunua ukurasa wa pili. Mimi nikajifanya naangalia simu.

Neno lile “hakuna” ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Baba mdogo alichimba Mirerani miaka kumi na mitatu, akavuta sigara muda wote huo na mingine zaidi, kisha akarudi kulima migomba yake. Kikohozi kilipoanza, kila mtu alijua ni TB. Mkoa wetu na kifua vina historia ndefu: Kibong’oto, kule Siha, imekuwa ikilaza wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926, na mchimbaji akikohoa hakuna anayefikiria kitu kingine. Akameza dawa za TB miezi sita, akazidi kukonda. Kipimo cha nyama kilipokuja kikasema ni saratani ya mapafu, ile aina inayowapata takriban wagonjwa 85 kati ya kila 100 wa saratani hiyo. Vumbi la mawe lenye silika limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1997, na sigara haihitaji utangulizi. Duniani, mwaka 2022 pekee, saratani ya mapafu iliua watu wapatao milioni 1.8. Hakuna saratani nyingine iliyoua wengi kiasi hicho.

Dripu za mwanzo za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, zilifanya kazi. Uvimbe ukanywea, mzee akarudi shambani, akaanza tena kugombana na jirani kuhusu mpaka. Miezi minane baadaye ukarudi. Daktari akaeleza kwamba wataanza kemo upya, lakini safari hii saratani inaweza kuwa na usugu, yaani isizisikie tena dawa. Neno “usugu” likaingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo jioni ile ile, na kabla ya siku mbili binamu yangu mmoja aliyeko Arusha akatuma picha ya kipeperushi: dawa ya asili kutoka China, huvunja usugu wa kemo, haina madhara. Shilingi 280,000 kwa mwezi. Ukoo ukachanga.

Ningependa kusema kipeperushi kile kilikuwa uongo mtupu, makala ingekuwa fupi. Hakikuwa uongo mtupu. Tatizo ni kwamba kilichukua jambo la kweli la maabara, kikalivua masharti yake yote, kikaliuza likiwa uchi.

Tuanze na usugu wenyewe, kwa sababu kipeperushi kiliuzungumzia kama mtu anavyozungumzia kutu: kitu kimoja, kinachoondolewa kwa dawa moja. Usugu uko wa aina nyingi. Dripu ya baba mdogo ilikuwa na dawa mbili, sisplatini na paklitakseli, na seli ya saratani huziepuka kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Paklitakseli hutolewa nje. Kwenye ngozi ya seli kuna protini inayofanya kazi kama pampu; iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1976, kwenye seli zilizokuwa zimeshindikana kwa dawa. Fikiria nyumba ya bondeni wakati wa masika. Maji yanaingia mlangoni, na ndani kuna watu wanachota kwa ndoo na kumwaga dirishani. Wachotaji wakiwa wawili, nyumba inajaa. Wakiwa arobaini, mvua inyeshe itakavyo, sakafu inabaki kavu. Seli sugu ni ile iliyoajiri wachotaji arobaini.

Sisplatini haichotwi na pampu hiyo. Yenyewe huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuifunga DNA mafundo isiweze kunakiliwa, seli ikashindwa kujigawa. Seli sugu inaikabili kwa kuikamata njiani kwa kemikali iitwayo glutathioni kabla haijafika, au inakuwa na mafundi wengi wa kukarabati DNA, wakifungua kila fundo lililofungwa. Kuna pia seli ambazo zimepoteza amri ya kujiua: dawa inafika, inajeruhi, na seli inaendelea kuishi na jeraha lake. Kwa wale wanaotumia vidonge vinavyolenga jeni maalumu, kama gefitinibu, badiliko moja dogo kwenye protini inayolengwa linatosha kukifanya kidonge kisipate tena pa kushika.

Kwa hiyo mtu akikuambia dawa yake inavunja usugu wa kemo, swali la kwanza ni: usugu upi, wa dawa ipi? Mmea unaoziba pampu hauisaidii sisplatini chochote kwenye suala hilo la pampu. Niliuliza swali hili Arusha, nitafika huko.

Watafiti wa China wamefanya kazi kubwa na ya kweli hapa. Wamechukua mimea ambayo waganga wao wameitumia kwa karne nyingi, wakatoa kiini kimoja kimoja, wakakijaribu kwenye seli zilizofundishwa usugu. Tetrandrini, inayotoka kwenye mzizi uitwao fang ji, huziba ile pampu. Wachimbaji wa Mirerani wangependa kujua kwamba huko China tetrandrini imetumika pia kutibu mapafu yaliyojaa vumbi la mawe. Kurkumini, ule unjano wa manjano tunayotia kwenye pilau, imeonekana kupunguza usugu wa sisplatini kwenye seli. Mzizi wa huangqi unasemwa kuinua kinga. Orodha ni ndefu kuliko nafasi niliyopewa.

Ila nyingi ya tafiti hizi zimefanyika kwenye seli za aina chache, na maarufu kuliko zote katika saratani ya mapafu zinaitwa A549. Zilitoka kwenye uvimbe wa mwanamume mmoja wa miaka 58, na zimekuwa zikizaliana kwenye vyombo vya maabara tangu 1972. Seli hizi hazina ini. Hazina figo, hazina utumbo, hazina mke anayepima kikombe kwa macho. Ukitaka kuzimwagia kurkumini unazimwagia moja kwa moja, kiasi unachotaka. Binadamu amepewa hadi gramu 8 za kurkumini kwa siku, na kilichokutwa kwenye damu yake kilikuwa chembe tu, pungufu mno ya kile kinacholeta maajabu kwenye kisahani. Utumbo hauinyonyi vizuri, ini linaivunja upesi. Ndiyo maana tunakula pilau maisha yetu yote na bado tunaumwa.

Kuna hadithi moja ambayo naiona muhimu kuliko zote katika mjadala huu, na haina mmea hata mmoja ndani yake. Kampuni za dawa ziliona kile kile walichoona watafiti wa mitishamba: tukiiziba pampu, kemo itafanya kazi. Zikatengeneza dawa moja baada ya nyingine kwa kazi hiyo tu. Mojawapo, tarikidari, ilikuwa safi na yenye nguvu, ikafika hatua ya majaribio makubwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, ikipewa pamoja na kemo. Mwaka 2003 majaribio yakasimamishwa. Sababu ilikuwa sumu: wagonjwa walizidi kuumizwa na kemo.

Pampu ile haikuumbwa kwa ajili ya saratani. Iko kwenye ukuta wa utumbo, kwenye ini, kwenye figo, kwenye mishipa inayoulinda ubongo. Kazi yake ni kutoa sumu mwilini, na saratani imeiga tu mbinu ya mwili. Ukiwafukuza wachotaji maji kwenye nyumba ya adui, umewafukuza pia kwenye nyumba yako. Kwa hiyo mzizi unaoziba pampu, tuchukulie unafanya kazi kama kipeperushi kinavyodai, unaweza kuifanya dozi ambayo daktari ameikokotoa kwa uzito na urefu wa mgonjwa iwe ghafla dozi kubwa kuliko alivyokusudia. Mteja akisikia “inaongeza nguvu ya kemo” anapiga makofi. Mimi nikisikia hivyo siku hizi nashika kichwa.

Na inaweza kwenda upande wa pili. Kuna mmea wa Ulaya unaonywewa kwa ajili ya huzuni. Wagonjwa walioutumia pamoja na irinotekani, dawa nyingine ya saratani, walikutwa na kiasi cha dawa inayofanya kazi kwenye damu kimeshuka kwa asilimia 42. Ini lilikuwa limechochewa livunje kila kitu haraka.

Je, hakuna majaribio kwa watu? Yapo, mengi. Mwaka 2006 watafiti walikusanya majaribio 34 yenye wagonjwa 2,815 wa saratani ya mapafu, waliopewa kemo ya jamii ya sisplatini pamoja na dawa za Kichina zenye huangqi, wakayachambua kwa pamoja. Hesabu zilionyesha nafuu, hata kupungua kwa vifo ndani ya mwaka mmoja. Wachuuzi wangeisoma ripoti ile wangeining’iniza ukutani. Lakini waandishi wale wale walisema majaribio mengi yalikuwa dhaifu, na kwamba matokeo yanahitaji kuthibitishwa kwa majaribio makali zaidi. Katika mengi, mgonjwa na daktari wote walijua nani anapewa nini, na ukijua unapewa dawa ya ziada unajisikia vizuri zaidi, na daktari anayeijua anakuona umechangamka. Mimi nasema huangqi inastahili kupimwa tena, kwa umakini, na pengine siku moja itapata nafasi yake wodini. Nafasi hiyo haipatikani kwa kuchanga kwenye WhatsApp.

Sasa niwageukie madaktari wetu, maana hili halina mkosaji mmoja.

Mara ya kwanza ugonjwa ulipoanza, kabla hata ya mambo ya China, shangazi alimwambia daktari mmoja kwamba mzee alikuwa anakunywa osokonoi, lile gome chungu Wamasai wanalouza barabarani kwa ajili ya kifua. Daktari alicheka. Kisha akasema, mbele ya wagonjwa wengine wote, “Haya, kaendelee na miti yako, ikishindikana ndiyo uje.” Shangazi ni mwalimu mstaafu, hajazoea kuchekwa. Siku hiyo ukoo mzima ulijifunza jibu sahihi la lile swali la nesi, na jibu ni “hapana”.

Kicheko kile kilikuwa cha ujinga, ujinga wa kitabibu hasa. Paklitakseli iliyokuwa ikidondoka kwenye mshipa wa baba mdogo ilitoka kwenye gome la mti. Topotekani, inayotumika kwenye aina nyingine ya saratani ya mapafu, ni mtoto wa kiini kilichotolewa mwaka 1966 kwenye mti wa China ambao Wachina wenyewe wanauita mti wa furaha. Vinkristini inatoka kwenye lile ua la rangi ya waridi linaloota uani kwetu bila kupandwa. Dawa nyingi kwenye kabati la saratani zimetokana na mimea. Daktari anayecheka gome amesimama juu ya lundo la magome.

Tena Arusha isingepaswa kuhitaji kukumbushwa. Miaka ya 2000 wakulima wake walikuwa wakilima artemisia kwa ajili ya viwanda vya dawa, na dawa mseto ya malaria tuliyoimeza sisi sote inatokana na mmea huo. Tu Youyou, mama aliyetoa artemisinini, alipata Nobel mwaka 2015. Watu wengi wanaijua habari hii hadi hapo na kuishia hapo: Mchina, mmea, Nobel, haya tunywe. Sehemu tamu ndiyo inayorukwa. Timu yake ilikuwa ikichemsha mmea ule, na matokeo yakawa yanayumba, leo unaua vimelea, kesho hauui. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya nne, akaona kwamba Ge Hong hakusema uchemshe. Alisema loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Tu Youyou akashuku kwamba moto ndio unaoharibu kiini, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye joto dogo, na mwaka 1971 akapata kinachofanya kazi. Baadaye akakinywa yeye mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa.

Yaani kilichoigeuza nyasi kuwa dawa ni swali la jikoni kabisa: moto kiasi gani? Nikamkumbuka mama mdogo na sufuria yake. Karatasi ilisema “chemsha vizuri”.

Nikapanda basi, kilomita 80 hivi, nikaenda Arusha kwenye kliniki yenyewe. Ipo ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri, na ni safi kuliko nilivyotarajia. Ukutani pana picha ya mwili wa binadamu wenye mistari myekundu na ya buluu. Binti wa mapokezi alikuwa mchangamfu, akanikaribisha maji ya kunywa.

“Dada, humu ndani ya pakiti kuna nini hasa?”

“Ni mitishamba, kaka. Asili tupu, haina madhara.”

“Mitishamba gani? Majina yake?”

“Hiyo ni fomula ya wataalamu wetu.”

“Inavunja usugu wa dawa ipi?”

“Zote, kaka.”

Zote. Nikashukuru, nikashuka ngazi, nikakaa kwenye mgahawa jirani na kuielekezea simu ile karatasi ndogo ya Kichina iliyokuwa imebandikwa chini ya pakiti, chini kabisa, chini ya stika ya Kiswahili iliyosema “Dawa ya Mapafu”. Programu ya tafsiri ikasoma mistari mitatu kabla haijashindwa na wino uliofutika: huangqi, gan cao, fang ji.

Gan cao ni ule mzizi mtamu unaotiwa kwenye peremende nyeusi za Wazungu. Hauna ubaya, isipokuwa ukinywewa kwa wingi kila siku hushusha potasiamu mwilini. Sisplatini nayo huifanya figo imwage potasiamu na magnesiamu. Moyo wa mzee wa miaka 64 unazihitaji zote mbili. Hilo peke yake lilitosha kuandikwa kwenye faili.

Lakini ni fang ji iliyonipozea chai.

Miaka ya mwanzo ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, iliongeza mitishamba ya Kichina kwenye vidonge vyake. Mmoja ulikuwa fang ji, Stephania tetrandra, ule ule wenye tetrandrini. Ndivyo ilivyoagizwa. Ila kwenye biashara ya mitishamba ya China jina fang ji lilibebwa na zaidi ya mmea mmoja: han fang ji ndiyo Stephania, na guang fang ji ni mmea mwingine kabisa, Aristolochia fangchi. Kwenye magunia ulikuja huo wa pili. Una asidi inayoua figo. Mwaka 1993 madaktari wa huko walitangaza walichokiona: wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa figo, figo zimesinyaa kama maharage makavu. Mwishowe walipita mia moja. Wagonjwa 39 kati yao, ambao figo zilikuwa zimekufa kabisa, walipotolewa figo na mirija yake ili kujihadhari, 18 walikutwa tayari na saratani humo. China yenyewe iliifuta guang fang ji kwenye orodha yake ya dawa mwaka 2004.

Hapakuwa na tapeli hapo, na ndiyo maana inatisha. Kulikuwa na kliniki, madaktari, vipimo, mzigo ulioagizwa kihalali, na jina moja lenye mimea miwili. Tunalijua jambo hili kwetu pia. Ni mara ngapi mtu ameonyeshwa mmelia akaambiwa ni mwarobaini, kwa kuwa majani yanashabihiana? Na tunda la mmelia ni sumu.

Sasa unganisha. Sisplatini ndiyo dawa ya saratani inayojulikana kwa kuumiza figo; ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa lita za maji kabla na baada, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, hupimwa kila mzunguko. Juu ya figo hiyo iliyoelemewa tulikuwa tunammiminia mzee maji meusi yenye fang ji ambayo hakuna mtu, si binti wa mapokezi, si mama mdogo, si nesi, anayeweza kusema ni ipi.

Kabla ya mzunguko wa pili kreatinini ikapanda. Dripu ikaahirishwa. Daktari akalisoma faili, akaona “hakuna”, akahitimisha kwamba ni sisplatini. Huenda ndiyo. Ila hakuwa na njia ya kutofautisha, na hapo ndipo ninapoiona hasara kubwa kuliko ile ya shilingi 280,000. Kile kikombe cha siri kilikuwa kimemnyang’anya daktari usomaji wa vipimo. Uvimbe ukipungua, ni dripu au ni mizizi? Figo zikichoka, ni dripu au ni mizizi? Mgonjwa akiharisha? Kila jibu limegeuka kisio, na usugu wenyewe, huo tuliokuwa tunaukimbiza, hauwezi kujulikana kama upo au haupo kwa mgonjwa ambaye nusu ya anachomeza haijaandikwa.

Huwa wananijibu: afadhali huyo aliyechanganya kuliko aliyeacha kabisa. Kweli. Tuliiona Loliondo mwaka 2011, watu wakitoka vitandani hospitalini kwenda Samunge kwa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na wengine wakaziacha ARV huko huko njiani. Huko Marekani, utafiti wa 2018 ulikuta kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao waliotibiwa hospitalini. Kwa hiyo ndiyo, anayekuja kwenye dripu na chupa yake ya chai amechagua vizuri kuliko hao. Ndiyo sababu inauma zaidi kumpoteza kwa jambo la kuandika mstari mmoja.

Nchi hii haijakosa misingi. Tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na baraza lake, tuna taasisi ya tiba asili pale Muhimbili. Madaktari wa China wapo Zanzibar na bara tangu miaka ya 1960, na mwaka 1987 ulianza mradi wa kutibu wagonjwa wa Ukimwi kwa dawa za Kichina pale pale Muhimbili, wakiandikwa na kupimwa. Mitishamba ya Kichina si mgeni kwetu, imeshawahi kuingia kwa mlango wa mbele. Iliyopo sasa juu ya duka la vipuri imeingia kwa dirisha. Ninachotaka ni kidogo sana: pakiti yoyote inayouzwa kwa mgonjwa wa saratani iwe na majina ya mimea yote kwa Kiswahili na kwa jina la kisayansi, na uzito wa kila mmoja. Anayesema ni siri ya fomula asiiuze kwa mtu aliyetundikiwa dripu. Mwenye paklitakseli hajaficha kilichomo kwenye chupa yake, na gharama yake ya kuivumbua ilikuwa kubwa kuliko ya hiyo pakiti.

Na kwa hospitali, lile swali libadilishwe. “Kuna dawa nyingine unatumia?” ni swali la polisi, jibu lake limeshajulikana.

Wiki ile dripu ilipoahirishwa, alitujia mfamasia kijana, hajafika hata miaka thelathini, mwenye daftari lake mfukoni. Hakukaa mezani. Alivuta stuli akakaa karibu na mama mdogo, si na mgonjwa.

“Shikamoo mama. Nyumbani mnamchemshia nini mzee?”

Mama mdogo akanitazama. Kisha akainama, akakivuta kikapu, akatoa chupa, na chini yake ile pakiti iliyokunjwa mara nne.

“Hii, baba. Na asubuhi tangawizi.”

Kijana akaifungua chupa, akanusa, hakukunja uso. Akapiga picha karatasi ya Kichina, akaandika majina matatu, akauliza vijiko vingapi, maji kiasi gani, tangu lini, na saa ngapi siku ya dripu. Baba mdogo akawa anamsahihisha mkewe kuhusu idadi ya vikombe, wakabishana kidogo. Kijana akasema tangawizi iendelee, hii nyingine isimame wiki mbili, figo zipimwe tena, naye atazungumza na daktari kuhusu kutumia kaboplatini badala ya sisplatini kwa sababu haizielemei figo sana. Akaomba abaki na pakiti. Kisha akalichukua faili, akatafuta ule ukurasa, akakata “hakuna” kwa mstari mmoja wa kalamu.